Bomba Kupita Nzega Hakuifanyi Tabora Kuwa Mahali pa Kusafisha Mafuta

Kadiri bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki linavyokaribia kukamilika, ndivyo hoja moja inavyozidi kusikika Nzega, Igunga na Tabora mjini: kwa kuwa mafuta ya Uganda yatapita chini ya ardhi yetu, basi tujengewe kiwanda cha kusafisha mafuta hapa hapa, petroli ishuke bei na vijana wapate kazi ya kudumu. Hoja hii ina uchungu wake. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na kwa zaidi ya miaka mia moja watu wa hapa wameona mali ya wengine ikipita kwenda na kurudi. Nawaelewa wanaosema safari hii isipite tu. Hata hivyo naamini dai lenyewe limeelekezwa pabaya. Kiwanda cha kusafisha mafuta hakipati faida kwa sababu kiko karibu na bomba. Kinapata faida kwa ukubwa wake, kwa namna kinavyotumia joto, kwa kiasi kidogo cha mafuta kinachopotea njiani, na kwa uwezo wake wa kugeuza mabaki mazito kuwa bidhaa inayouzika. Kwa vipimo hivyo vyote, kiwanda cha Nzega kingekuwa mzigo, na mzigo huo ungebebwa na yule yule mwenye pikipiki aliyeahidiwa nafuu.

Kwanza tujue kinachopita ni nini. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi rasi ya Chongoleani mkoani Tanga, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. TotalEnergies ina asilimia 62 ya hisa, Uganda na Tanzania kupitia mashirika yao ya mafuta, UNOC na TPDC, zina asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China ina asilimia 8. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi kiasi kwamba kwenye hali ya hewa ya kawaida huganda kama samli, ndiyo maana bomba lote limefunikwa kwa tabaka la kuhifadhi joto na litapashwa kwa umeme ili mafuta yabaki kwenye nyuzi joto 50 hivi. Kazi hiyo ya kufunika mabomba ilifanyika hapa kwetu, katika kiwanda cha Sojo wilayani Nzega. Pengine hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia, maana mtu aliyeona kiwanda kikubwa cha bomba kikisimama Sojo anaona si ajabu kufuata kiwanda cha mafuta. Ila mafuta yatakayopita humo si mali ya Tanzania. Ni ya waliochimba Uganda, na sisi tunalipwa nauli. Nauli iliyokubaliwa kwa safari nzima ni dola 12.77 kwa pipa. Anayetaka kuyachukua Nzega atayanunua kwa bei ya Tanga, na punguzo kubwa analoweza kulitegemea ni nauli ya kipande cha njia kilichobaki.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuuma. Nzega iko karibu na katikati ya njia, kwa hiyo tukadirie punguzo la dola 6 kwa pipa. Pipa moja ni lita 159. Punguzo hilo ni chini ya senti 4 za dola kwa lita, yaani takriban shilingi 100. Sasa tutazame gharama ya kiwanda. Uganda inapanga kiwanda cha mapipa 60,000 kwa siku pale Kabaale, ikishirikiana na kampuni ya Alpha MBM ya Falme za Kiarabu, kwa gharama inayotajwa kuwa kama dola bilioni 4. Kwa uwiano huo huo, kiwanda cha mapipa 20,000 kingegharimu dola bilioni 1.3, na kwa kawaida kiwanda kidogo huwa ghali zaidi kwa kila pipa, kwa sababu chumba cha udhibiti, maabara, zimamoto na boila vinahitajika hata kama uzalishaji ni mdogo. Chukua riba ya asilimia 8 peke yake, bila kulipa deni lenyewe, bila mishahara, bila vipuri: inafika zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka. Kiwanda kikifanya kazi siku 330, riba hiyo inakula dola 16 katika kila pipa. Tumeokoa dola 6 kwenye nauli, tumetumia 16 kwenye riba, na tanuru halijawashwa bado.

Mtetezi makini atanikatiza hapa, na ana haki. Atasema nimesahau nauli ya upande wa pili: petroli na dizeli inayouzwa Tabora leo imeshushwa na meli Dar es Salaam au Tanga, ikasafiri mamia ya kilomita hadi huku, na ukitazama jedwali la bei kikomo ambalo EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi utaona wazi kwamba bei hupanda kadiri unavyoiacha pwani, hadi Kigoma ambako ni miongoni mwa bei za juu nchini. Kiwanda cha Nzega kingeokoa nauli hiyo pia. Ni kweli, ila ni kweli kwa lita zinazobaki hapa tu. Mapipa 20,000 ni zaidi ya lita milioni 3 kwa siku. Tabora na Kigoma kwa pamoja, kwa sensa ya 2022, hazikufikisha watu milioni 6, tena wengi wao ni wakulima wanaotembea kwa baiskeli na bodaboda. Hatuwezi kutumia lita milioni 3 kwa siku. Ziada ingelazimika kupanda tena kwenye magari na mabehewa kwenda Mwanza, Singida na Dodoma, na kadiri inavyosogea pwani ndivyo inavyokutana na bidhaa iliyosafishwa na viwanda vikubwa mno vya ng'ambo. Jamnagar kule Gujarat inasafisha zaidi ya mapipa milioni moja kwa siku. Kiwanda cha Dangote pale Lekki, Nigeria, kimejengwa kwa mapipa 650,000. Kushindana nao ukiwa na mapipa 20,000 bara kunahitaji kitu kimoja: sheria ya kumlazimisha mnunuzi.

Na sheria hiyo tumeshaiona ikifanya kazi karibu nasi. Kenya ilikuwa na kiwanda chake Changamwe, Mombasa, tangu 1963. Kwa miaka mingi wauzaji wa mafuta walitakiwa kupitisha sehemu ya mafuta yao pale, ingawa walilalamika kwamba kuagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa kungekuwa nafuu. Mwaka 2013 kiwanda kikasimama. Cha kwetu, TIPER pale Kigamboni, kilianza mwaka 1966 kwa ubia na Waitaliano, kikaacha kusafisha mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo ni maghala ya kuhifadhia mafuta. Viwanda vyote viwili vilikuwa na faida ya kukaa bandarini. Mfano unaofanana zaidi na ndoto ya Nzega ni Zambia. Bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilijengwa mwaka 1968, na kiwanda cha Indeni kikafuata mwishoni mwa njia hiyo katika miaka ya 1970. Zambia haina bahari, ina migodi inayokula dizeli kwa wingi, ilikuwa na kila sababu ya kukitetea kiwanda chake. Ili kupunguza mabaki mazito, Indeni ilifikia hatua ya kulishwa mafuta ghafi yaliyochanganywa na dizeli tangu yanapopakiwa. Desemba 2021 kikasimamishwa, na bomba lenyewe likageuzwa kubeba dizeli iliyosafishwa tayari. Wazambia walipiga hesabu wakaona bora bomba libebe kitu kinachoingia moja kwa moja kwenye tenki la gari.

Kwa nini viwanda hivi vilishindwa? Wengi husema rushwa au uzembe, na sitasema havikuwepo, lakini sababu kubwa imo ndani ya mitambo yenyewe. Gharama kubwa kuliko zote za kiwanda cha mafuta ni mafuta ghafi, ambayo huchukua sehemu kubwa mno ya matumizi yote, na bei yake haipangwi na mwenye kiwanda. Gharama ya pili ni nishati. Mafuta ghafi hupashwa hadi nyuzi 350 hivi kabla ya kuingia kwenye mnara wa kutenganisha, na kiwanda huchoma sehemu ya mafuta yake mwenyewe ili kupata joto hilo. Kiwanda kizuri hakianzi kupasha kwa moto. Kinapitisha mafuta ghafi baridi kando ya dizeli na mabaki yanayotoka mnarani yakiwa moto, joto linahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na mafuta yanafika kwenye tanuru yakiwa yamekwisha kupita nyuzi 200. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mhandisi Bodo Linnhoff na wenzake walionyesha namna ya kukokotoa, kabla ya kujenga, kiasi cha chini kabisa cha joto ambacho kiwanda kinahitaji, na viwanda vingi vya zamani vikagundua kuwa vilikuwa vinachoma mafuta bure. Lakini vibadilisha joto hivyo hujaa masizi na ukoko. Usipovisafisha kwa ratiba, tanuru linafidia, na faida inatoka kupitia bomba la moshi. Hivyo hivyo kwa hewa ya ziada inayoingizwa kwenye tanuru, mvuke unaovuja kwenye valvu zilizochoka, na gesi inayochomwa kwenye mwenge kwa sababu kompresa ya kuirudisha imeharibika na kipuri kiko melini.

Mambo haya yanaonekana madogo hadi uyapigie hesabu. Kwa kiwanda tulichokadiria cha mapipa 20,000, upotevu wa asilimia moja tu, mafuta ghafi yakiwa dola 70, ni dola 14,000 kwa siku, karibu dola milioni 4.6 kwa mwaka wa siku 330. Kiwanda kikubwa kinaweza kuajiri wahandisi kumi wa kufukuzia asilimia hiyo moja, na mishahara yao ikajilipa kabla ya Februari kwisha. Kiwanda kidogo kinaajiri wawili, tena mmoja anaondoka kwenda Uarabuni akishapata uzoefu.

Gharama ya tatu ndiyo iliyoiumiza Indeni: mabaki mazito. Kiwanda rahisi kinatenganisha tu. Kinakupa gesi ya mitungi kidogo, petroli, mafuta ya taa, dizeli, na chini ya mnara kinakuachia mafuta mazito meusi, ambayo mara nyingi huuzwa kwa bei iliyo chini ya mafuta ghafi yaliyoyazaa. Pwani mafuta hayo yana meli za kuyanunua. Tabora hakuna meli. Njia ya kuyaokoa ni kuongeza mitambo ya kuyavunja kuwa petroli na dizeli, na ndiyo tofauti kuu kati ya kiwanda chenye faida na kisicho nayo, kiasi kwamba tangu 1960 dunia imekuwa na kipimo, kilichobuniwa na Wilbur Nelson, cha kuonyesha kiwanda kina mitambo mingi kiasi gani zaidi ya mnara wa kutenganisha. Mitambo hiyo ni ghali kuliko mnara wenyewe, na haishuki bei kwa kupunguzwa ukubwa. Tena nchi za Afrika Mashariki zilianza mwaka 2015 kutaka dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, sharti ambalo viwanda vya zamani havikujengwa kulitimiza. Hapa nikiri jambo moja linalowasaidia watetezi: mafuta ya Uganda yana salfa kidogo, kwa hiyo gharama ya kuiondoa ingekuwa ndogo kuliko kwa mafuta mengi ya Ghuba. Ni faida ya kweli. Haitoshi kufunika dola 16.

Hoja iliyo nzito kuliko zote upande wa pili ni ya Niger na Chad. Nchi hizo mbili ziko mbali na bahari kuliko Nzega, na kila moja ilifungua mwaka 2011 kiwanda cha mapipa 20,000 hivi, Zinder na Djermaya, kwa ubia na kampuni ya taifa ya mafuta ya China. Vipo hadi leo. Kwa hiyo haiwezekani kusema kiwanda kidogo cha bara hakifanyi kazi popote. Lakini tazama masharti yake. Niger inasafisha mafuta yake yenyewe kutoka Agadem, ambayo kwa zaidi ya miaka kumi hayakuwa na njia nyingine ya kutoka nchini. Mafuta yasiyo na soko ni mafuta ya bei rahisi. Chad nayo inatumia mafuta yake, na bado mwanzoni mwa 2012 serikali na Wachina waligombana kuhusu bei ya kuuzia hadi kiwanda kikafungwa kwa muda. Kwa mantiki hiyo hiyo naunga mkono kiwanda cha Kabaale. Uganda inamiliki mafuta, inaokoa nauli yote ya bomba na nauli yote ya petroli kutoka pwani, na kiwanda chake ndicho chenye haki ya kwanza ya kuchukua mafuta kabla bomba halijapewa. Nacho kitabanwa na riba, hilo halina ubishi. Nzega haina hata moja ya masharti hayo.

Ipo hoja nyingine inayosambaa hasa kwa wakulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua, na hii ni dhaifu kiasi kwamba lazima isemwe wazi kabla haijamuumiza mtu: kwamba kiwanda cha mafuta kitaleta na kiwanda cha kemikali, na humo itatoka mbolea. Mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni, kama urea, kwa sehemu kubwa duniani hutengenezwa kwa gesi asilia, na gesi yetu iko Songo Songo na Mnazi Bay, Lindi na Mtwara. Mafuta ghafi ya Hoima hayatashusha bei ya mfuko mmoja wa urea. Plastiki ndiyo hutoka kwenye nafta, yaani mafuta mepesi ya jamii ya petroli, na gesi za kiwanda cha mafuta, na ni kweli kwamba viwanda vikubwa vya dunia sasa vinaunganisha kusafisha mafuta na kutengeneza kemikali kwa sababu faida ya plastiki huokoa mwaka mbaya wa petroli. Lakini mtambo wa kisasa wa kutengeneza ethilini, malighafi ya plastiki, huzalisha tani milioni moja au zaidi kwa mwaka. Nafta yote ya kiwanda cha mapipa 20,000 haifikii hata nusu ya chakula cha mtambo huo. Anayemwahidi mkulima wa Kaliua mbolea kupitia bomba hili anamchelewesha kudai mbolea kwa njia inayowezekana.

Sasa Tabora idai nini? Jibu langu linatokana na ufanisi ule ule niliouzungumzia, ila kwenye sehemu ya mnyororo ambayo kweli ni yetu, yaani safari na hifadhi ya mafuta yaliyosafishwa. Gari la mafuta la lita 35,000 linalotoka Dar es Salaam kuja Tabora na kurudi tupu linatembea zaidi ya kilomita 1,600. Likila lita 40 kwa kila kilomita 100, linachoma zaidi ya lita 600 za dizeli, karibu asilimia 2 ya mzigo wake, mbali na matairi, dereva, foleni na ajali. Petroli nayo hupanuka na kusinyaa kwa takriban lita moja katika kila elfu kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo mzigo uliopakiwa Dar kwenye joto la mchana na kushushwa usiku wa baridi unaonekana kupungua, na mwenye sheli asiye na vipimo sahihi hajui kama ameibiwa au ni fizikia. Mwenye kiwanda angeajiri mhandisi kwa upotevu wa asilimia 2. Sisi tumeuzoea tukaufanya sehemu ya bei.

Tabora ni makutano ya reli: hapa njia zinagawanyika kwenda Mwanza na Kigoma, na tawi la Mpanda linachepuka Kaliua. Reli ya kisasa inajengwa kuja hapa, na mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Mahali kama hapa ndipo panapostahili depo kubwa ya mafuta yenye njia yake ya reli ya kushushia, ili treni moja ya mabehewa ya tenki ifanye kazi ya msururu mzima wa magari, na magari yabaki kwa safari fupi za Sikonge, Uyui, Urambo na Nzega. Kutoka hapo mafuta yaendelee kwa reli hadi bandari ya Kigoma, ambako Bujumbura na Kalemie ziko ng'ambo ya maji na zina kiu ya mafuta. Kabaale ikianza kusafisha, bidhaa yake itasukumwa kuelekea Ziwa Victoria kutafuta wateja, na huenda ikashuka Mwanza kwa bei inayoshindana na ya Dar. Mji wenye depo penye makutano ya reli utaweza kununua kutoka kaskazini mwezi huu na kutoka mashariki mwezi ujao, kwa kuangalia nani ana bei nzuri. Mji usio na depo utanunua kwa yeyote aliyefika na gari. Ujenzi wa matenki, pampu na njia ya kushushia ni sehemu ndogo sana ya gharama ya kiwanda cha kusafisha, na mkopo wake unalipika kwa ushuru mdogo wa kila lita.

Wapo watakaosema depo haiajiri watu wengi. Ni kweli, na kiwanda cha kusafisha nacho hakiajiri wengi kikishamaliza kujengwa. Ajira nyingi ni za miaka ya ujenzi, kama Sojo ilivyotuonyesha. Kwa hiyo dai la ajira lielekezwe kwenye ujuzi. Bomba litaendeshwa kwa miaka mingi. Litahitaji mafundi wa pampu, wa umeme wa kupasha joto, wa vipimo, wa kuchunguza kutu na wa kuchomelea kwa viwango vya kimataifa. Vijana waliofanya kazi Sojo wameshagusa sehemu ya ujuzi huo, na wakiachwa watatawanyika kwenda kuuza simu na kuendesha bodaboda. VETA ya Tabora ipewe vifaa na walimu wa fani hizo sasa, kabla mafuta hayajaanza kupita, na TPDC yenye asilimia 15 iweke kwa maandishi idadi ya mafundi watakaochukuliwa kutoka mikoa ambayo bomba linapita. Madiwani wa Nzega na Igunga wanapokutana na wahusika wa mradi, nawasihi waache kuuliza kiwanda kitajengwa lini. Waulize mafundi wangapi wa kituo cha pampu watatoka wilayani mwao, watafunzwa wapi, kwa fedha ya nani, na depo ya Tabora imo katika mpango wa reli au haimo.